UZI: Barua ya Kiingereza, "however" na mkato usiofuata pumzi

Mpiga Chapa Ngamiani

Wakuu, salaam kutoka Tanga, waja leo waondoka leo.

Nina stesheneri huku Ngamiani. Kopi, printi, laminesheni, picha za pasipoti, na zaidi ya vyote barua za maombi ya kazi. Tangu yaanze mambo ya bomba la mafuta linalotoka Hoima kuishia Chongoleani, na bandari yetu kuchangamka, vijana hawakauki mlangoni. Anayeomba serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira ana hiari, matangazo yao husema aandike kwa Kiswahili au Kiingereza. Kampuni binafsi ni habari nyingine: tangazo linatoka kwa Kiingereza, nawe unajibu kwa Kiingereza.

Uzi huu si wa kumcheka mtu. Wengi wanaoleta barua hapa wana Kiingereza cha kuwatosha, msamiati wanao. Panapoharibika ni kwenye viungo: "however", "therefore", "moreover", "furthermore", pamoja na ule mkato unaodondoshwa kila mwandishi anapovuta pumzi. Nataka tukae hapo tu, mengine yana nyuzi zake.

Tazameni aya hii. Mambo ya mwenyewe nimeyabadilisha asijulikane, mikato nimeiacha kama alivyoiweka:

"I am writing to inform you that, I have seen your advertisement for the post of Store Keeper. I hold a diploma in procurement, however I have not been employed before, but I did my field at a warehouse in Tanga. Moreover, I am hard working. Furthermore, I am 26 years old. Therefore, I, humbly request to be considered."

Nianze na ule mkato baada ya "that". Huo ndio muhuri wetu Watanzania. Ukiuona tu, anwani ya mwandishi huna haja ya kuisoma. Unatoka kwenye Kiswahili chetu cha ofisini: "Napenda kukujulisha kuwa, nimeliona tangazo lako." Sisi tunasema "kuwa", tunatua, ndipo tunatoa habari. Kiingereza hakitui hapo. "That" na kishazi kinachoifuata ni kitu kimoja. Mkato unaruhusiwa baada yake pale tu ulipochomeka maneno ya pembeni, nayo lazima yafungwe pande zote mbili: "I wish to inform you that, after three years at the port, I am ready for a senior post." Yatoe yaliyo kati ya mikato miwili, usome kilichobaki. Kikisimama chenyewe, mikato yako iko sawa.

Sasa "however". Jamaa ameandika "I hold a diploma in procurement, however I have not been employed before". Hapo pana sentensi mbili kamili, kila moja ina kiima chake na kitenzi chake, na kilichozishika ni mkato peke yake. Mkato hauna nguvu hiyo. Watu hudhani "however" ndiyo iliyozishika kwa sababu wanaichukulia kuwa ni "but" iliyovaa suti. "But" ni kiunganishi, "however" ni kielezi, na namna ya kulitambua hilo bila kufungua kitabu cha sarufi ni kujaribu kulihamisha neno. Chukua "The store was closed, but the guard let us in." Itoe "but" uipeleke ndani: "the guard but let us in". Haiendi kabisa. Jaribu "however": "The store was closed. The guard, however, let us in." Imekaa. "The guard let us in, however." Imekaa pia. Neno linalozurura hivyo ndani ya sentensi yake haliwezi kuwa ndilo linaloifunga sentensi hiyo na jirani yake.

Kwa hiyo "however" ikianza sentensi yake, kabla yake weka nukta, au nuktamkato (;) ukiona mawazo mawili yanategemeana, na baada yake weka mkato. Ndivyo ilivyo kwa "therefore", "moreover", "consequently", "nevertheless", "otherwise" na "instead". Yote yanazurura.

Halafu kuna maana, na hapa ndipo watu wengi hawapatazami. "Moreover" na "furthermore" zinaongeza hoja juu ya hoja ya aina ile ile, na inayokuja isiwe nyepesi kuliko iliyotangulia. Miaka 26 haiongezi chochote kwenye uchapakazi. "Therefore" inadai kwamba kilichotangulia ni sababu ya kinachofuata, na mtu kuwa na miaka 26 si sababu ya kukabidhiwa ghala. Afisa rasilimali watu aliyekaa na rundo la barua haoni Kiingereza kizuri hapo, anaona mtu aliyepamba. Na ule mkato wa "I, humbly" umekitenga kiima na kitenzi chake bure.

Nilimrudishia hivi:

"I wish to apply for the post of Store Keeper. Although I have not been formally employed, I did my field attachment at a warehouse in Tanga, where I kept the stock ledger and received goods from the port. I hold a diploma in procurement and am 26 years old. I would be grateful to be considered."

Habari za ledja na mizigo ya bandarini hazikuwemo kwenye barua ya kwanza, ilibidi nimuulize. Nafasi iliyokaliwa na "moreover" na "furthermore" ndiyo iliyokuwa inazisubiri. Yeye akaisoma, akaniambia, "Kaka, mbona imekuwa nyepesi hivi, hawatasema sikusoma?" Hofu hiyo ndiyo mzizi wa yote.

Nawasilisha. Mwenye barua yake aiweke hapa, jina afute.

Binti Sahare

Kaka Mpiga Chapa ahsante. Mimi nimekwama kwenye "although". Chuoni niliandika "Although, the rain was heavy, but the ferry left on time", nikawekewa wekundu sehemu mbili na hakuna aliyenieleza kwa nini. Kwa Kiswahili si tunasema "Ingawa mvua ilikuwa kubwa, lakini kivuko kiliondoka kwa wakati"? Kuna ubaya gani?

Mpiga Chapa Ngamiani

Dada, kwa Kiswahili hukukosea, "ingawa" na "lakini" hukaa nyumba moja miaka yote. Kiingereza kinataka mmoja. Ukishaweka "although" umeifanya nusu ya kwanza kuwa tegemezi, inasubiri kumaliziwa. "But" inataka pande mbili zilizo sawa, kila mmoja na miguu yake. Ukiziweka zote, upande mmoja unategemea na hapohapo unajitegemea. Chagua: "Although the rain was heavy, the ferry left on time", au "The rain was heavy, but the ferry left on time."

Mkato unakaa kishazi kinapoisha, baada ya "heavy". Baada ya "although" lenyewe hakuna kitu. Wala baada ya "but" ikianza sentensi, ingawa sisi tumezoea "Lakini," na mkato wake.

Kishazi tegemezi kikija nyuma, mara nyingi mkato unaondoka: "The ferry was late because the river was high." Ila na hapa pana shimo, na wanaoeleza kwa nini waliacha kazi hutumbukia humo. Soma hii:

"I did not leave the company because of the salary."

Umeondoka kwa sababu nyingine, au hukuondoka, mshahara ulikushika? Sentensi inabeba yote mawili. Ukiweka mkato kabla ya "because", maana inabaki moja: hukuondoka. Kama uliondoka kwa sababu nyingine, usijitese na mkato, iandike upya: "I left the company because I wanted to study; the salary was not the reason."

Mwalimu Mstaafu Muheza

Kijana, hoja zako nzuri ila unatuonea walimu. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasomeshwa masomo yake kwa Kiswahili mpaka anamaliza. Anaingia kidato cha kwanza, anakuta karibu kila kitu kimegeuka Kiingereza. Darasa limefurika. Lazima umpe kitu cha kushika. Tukawapa orodha: "firstly", "secondly", "moreover", "in addition", "to conclude". Mkato tukawaambia hivi: soma kwa sauti, unapopumua kidogo weka mkato, unapopumua sana weka nukta. Na ilifanya kazi. Msahihishaji wa insha anataka kuona mpangilio, na mtoto aliyeanza aya kwa "Firstly" ameuonyesha.

Mpiga Chapa Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Siwalaumu, mimi mwenyewe ni zao la orodha hiyo. Na kanuni ya kupumua hamkuitunga Muheza, ina ukoo mrefu. Kiasi cha miaka 200 kabla ya Kristo, mkuu wa maktaba ya Alexandria, Aristophanes wa Byzantium, aliweka vitone chini, katikati na juu ya mstari kumwonyesha msomaji wa kwa sauti atue kiasi gani. Wakati huo kusoma kulikuwa zaidi ni kusoma kwa sauti, kwa hiyo alama zilikuwa za mdomo. Karne na karne zikapita. Miaka ya 1490 mchapaji wa Venice, Aldus Manutius, akaanza kuchapa nuktamkato na kuupa mkato umbo tunalolijua. Kadiri watu walivyozoea kusoma kimya, mkato wa Kiingereza ukahama polepole kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye muundo wa sentensi. Vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18 vina mikato mingi kuliko magazeti yao ya leo, utadhani mwandishi alikuwa na pumu.

Mkato wetu sisi umebaki kwenye pumzi, na kwa Kiswahili sioni shida. Shida ni tukiuhamisha mzimamzima. Tangazo hili hulikosi kwenye mbao za ofisi:

"All candidates who passed the oral interview, are required to report on Monday."

Mwalimu ukilisoma kwa sauti utatua baada ya "interview", nami nitatua, kwa kuwa kiima ni kirefu. Lakini kile chote ni kiima, na kitenzi chake ni "are". Kiingereza cha leo hakiweki mkato mmoja kati ya kiima na kitenzi hata kiima kiwe na urefu wa Barabara ya Ishirini. Ama iwe miwili inayofunga maneno ya pembeni, ama usiweke.

Kuhusu orodha, "firstly" na "secondly" nazikubali kwenye insha yenye hoja za kuhesabika. Barua ya ukurasa mmoja haina hoja za kuhesabika. Tena wengi wanaandika "Firstly" na "secondly" haionekani mpaka saini.

Mwalimu Mstaafu Muheza

Marahaba. La kiima kirefu nakupa, na nimewahi kulikata kwa kalamu nyekundu mara nyingi bila kueleza asili yake. La orodha sikupi. Huwezi kumwondolea mtoto mkongojo kabla hajatembea. Aanze na orodha, akikomaa aitupe. Kosa ni la wale wanaomaliza chuo bado wanayo.

Mtani wa Mzizima

Tanga bana. Barua ya kuomba kazi mnaiandika kama ya kuposa, halafu mnashangaa HR hajibu. "Therefore, I, humbly", huyo alikuwa amepiga goti kabisa 😂

Karani wa Chumbageni

Naona mnazungumza barua za kazi. Mimi nachapa mikataba kwa wakili, na ningependa wadau wajue mkato unaweza kuwa na bei.

Jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa na orodha ya kazi zisizolipwa saa za ziada, na mwishoni ilisema "packing for shipment or distribution of" bidhaa za kilimo, nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika. Hakukuwa na mkato baada ya "shipment". Kampuni ikasema hizo ni kazi mbili, kufungasha na kusambaza, na madereva wanasambaza, hivyo hawana chao. Madereva wakasema bila mkato pale ni kazi moja tu, kufungasha, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza, wao hawafungashi. Mahakama ya rufaa mwaka 2017 ikaona sheria ina utata na ikaamua upande wa madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikamaliza kesi kwa dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo likaiandika upya orodha ile kwa nuktamkato kila baada ya kazi.

Kanada nako, kampuni mbili, Rogers na Aliant, zilivutana kwa mkataba wa nguzo za nyaya. Kifungu kilisema mkataba utadumu miaka mitano, "and thereafter for successive five year terms, unless and until terminated by one year prior notice". Kwa sababu ya mkato baada ya "terms", mamlaka ya mawasiliano mwaka 2006 ilisema haki ya kuvunja kwa notisi ya mwaka mmoja inagusa hata ile miaka mitano ya kwanza. Rogers wakakata rufaa wakitumia nakala ya Kifaransa ambayo haikuwa na utata huo, na mwaka 2007 uamuzi ukageuzwa.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya sheria na mahakama zetu ni Kiswahili, lakini mikataba ya kibiashara na wageni bado inakuja Kiingereza. Kwenye orodha za mikataba mimi naweka mkato kabla ya "and" ya mwisho kila mara. Kwenye barua ya kawaida mtindo wa Uingereza unaruhusu kuuacha, "Tanga, Pangani and Muheza", hakuna atakayekushtaki. Ila ukiamua njia moja, baki nayo mpaka mwisho wa karatasi.

Mpiga Chapa Ngamiani

Karani umetisha. Hiyo ya nakala ya Kifaransa kuokoa jahazi sikuwa nayo.

Kijana wa Kaole

Salaam kutoka Bagamoyo. Sisi huku tunaandika maandiko ya miradi ya utamaduni na maelezo ya watalii, na mfadhili mmoja alirudisha andiko letu limejaa alama. Kubwa lilikuwa "which". Tuliandika: "The mosque, which was built first, faces the sea." Akaandika pembeni: msikiti mmoja au mingi? Hatukuelewa swali. Pili, naomba kujua "thus", "hence" na "on the other hand".

Mpiga Chapa Ngamiani

Kijana wa Kaole, mfadhili wako ameuliza swali la maana sana. Magofu ya Kaole yana misikiti miwili. Ukisema "The mosque, which was built first," na mikato, umemwambia msomaji upo mmoja tu, na habari ya kujengwa kwanza ni nyongeza. Ukitoa mikato na kutumia "that", "The mosque that was built first faces the sea", umechagua mmoja kati ya iliyopo. Mikato hapo imekula msikiti mzima.

Geuza upande wa pili: "Bagamoyo, which was the capital of German East Africa until 1891, lies north of Dar es Salaam." Hapa mikato ni lazima, yote miwili, maana Bagamoyo ni moja na hatuichagui kati ya Bagamoyo nyingine. Wengi huweka wa kwanza wakasahau wa pili baada ya mwaka. Hali ni hiyo hiyo kwa "my brother who lives in Pangani". Bila mikato, una kaka kadhaa na unamtaja yule wa Pangani. Ukiweka mikato, kaka ni huyo mmoja. Kwenye fomu za mirathi ningekuwa mwangalifu hapo.

"Therefore" na "thus" zikiwa karibu na kitenzi zinaweza kukaa bila mkato wowote: "I therefore request your support." Ndiyo namna ninayoipenda kwenye barua, inapita kimya. Ukitaka mikato, weka pande zote: "I am, therefore, requesting". Mmoja peke yake haujawahi kuwa sahihi. "Hence" ina tabia ya kufuatwa na jina tupu bila kitenzi: "The road was flooded, hence the delay." Mkato hapo unatosha kwa sababu baada ya "hence" hakuna sentensi kamili.

"On the other hand" inataka upande wa kwanza uwe umeshatajwa na wa pili upingane nao. Nimeona andiko la mradi linasema wanafunzi watafundishwa ngoma, halafu "on the other hand" watafundishwa maigizo. Hakuna ubishi wowote kati ya ngoma na maigizo. Weka "and" upumzike. "Last but not least" mwachieni mshereheshaji wa harusi. "As a matter of fact" ikianza kila aya, msomaji anaanza kujiuliza aya nyingine zilikuwa nini.

Jingine la maandiko ya miradi: "skills such as, drumming, dance and carving". Baada ya "such as" hakuna mkato, wala nukta mbili.

Kijana wa Kaole

Misikiti imerudi miwili. Shukrani mkuu.

Dogo wa Makorora

Bro yote haya ya nini? Siku hizi unaipa akili mnemba inaandika barua safi, mikato yote mahali pake. Mimi naiambia tu "andika barua ya kazi" namaliza.

Mpiga Chapa Ngamiani

Dogo, mikato inaiweka vizuri, sibishi, na wengi huja kuprinti hizo barua hapa. Zisome kwa makini. Aya ya pili inaanza "Furthermore", ya tatu "Moreover", ya nne "Additionally". Sarufi haina doa, maana hakuna. Wasomaji wa barua wameshaanza kuzitambua kwa harufu. Zaidi, ukiitwa kwenye usaili ukaulizwa ulichomaanisha kwa "leveraging cross-functional synergies", akili mnemba itakuwa imebaki kwenye simu getini kwa mlinzi.

Itumie hivi: andika mwenyewe, halafu iulize ni wapi umeshika sentensi mbili kwa mkato. Hapo inasaidia kweli. Kisha toa kila kiungo kimoja kimoja, usome bila hicho. Kama hakuna kilichopotea, kiache nje.

Dogo wa Makorora

Sasa kama kila kiungo kitolewe si barua itakuwa kama telegramu?

Mpiga Chapa Ngamiani

Sijasema kila kiungo. Kuna mahali ukikitoa msomaji anapotea. "The warehouse lost its licence in June. I stayed until December." Ulibaki kwa uzembe au kwa uaminifu? Weka "nevertheless" kwenye sentensi ya pili na msomaji anajua ulibaki licha ya hayo. Hapo neno limefanya kazi ambayo hakuna jingine lingeifanya, lipe nuktamkato yake na mkato wake kwa heshima zote.

Mwalimu Mstaafu Muheza

Hapo sasa umesema. Mfano huo nautumia kwa mjukuu wangu leo jioni, yuko kidato cha tatu na ana "moreover" kumi kwa ukurasa.

Binti Sahare

Kaka la mwisho kabla sijaleta yangu kuprinti. Baada ya "Dear Sir" naweka mkato au siweki? Na mwisho wa barua?

Mpiga Chapa Ngamiani

Kwa mtindo wa Uingereza, ambao ofisi zetu nyingi wanaufuata, njia ni mbili: mkato baada ya "Dear Sir" na baada ya "Yours faithfully", au usiweke kote kuwili. Usiweke juu ukaacha chini. Wamarekani huweka nukta mbili juu kwenye barua za kikazi, kwa hiyo ukiiona usidhani ni kosa. Kama hujui jina la mpokeaji ukaandika "Dear Sir" au "Dear Madam", funga kwa "Yours faithfully". Kama umemtaja kwa jina, funga kwa "Yours sincerely", herufi kubwa kwenye "Yours" tu. Tarehe iandike "5 March 2025" bila mkato wowote ndani.

Leta kwenye flashi au nitumie WhatsApp, usilete picha ya karatasi.